Kibaraza cha maua Ngamiani: rozela safi, kikuba cha saa kumi, na begi langu lililogeuka bluu

Nimeshaenda mara nne sasa kwa hiyo naona nna haki ya kuandika, maana kuna watu wanafika sehemu mara moja, wanakunywa glasi moja, wanapiga picha kumi na mbili alafu wanatuambia pazuri. Mi mara ya kwanza nilitoka nimenuna kabisa.

Sehemu yenyewe haina jina wala bango. Ni baraza la nyumba ya Kiswahili huku Ngamiani, Tanga mjini, kwenye zile barabara za namba, saruji imepakwa kijani, kuna mabenchi mawili, mkeka, friji la zamani linalonguruma kama daladala inayopanda mlima, na ndoo za maua zimepangwa kivulini. Ukiuliza wauza nazi pale sokoni "kwa Bi Mkubwa wa maua" watakuelekeza. Namba ya barabara siandiki, mwenyewe kaniomba, kuna mtu alishawahi kumgongea saa tano za usiku anataka asumini eti mke kanuna. Tanga hii jamani.

Sasa hiyo mara ya kwanza nilikuwa natafuta vikuba thelathini, vile vishada vya maua ya kunukia vya kuvaa kifuani au kwenye nywele, na makoja mawili, yale mashada ya shingoni, kwa ajili ya sendofu ya wifi yangu, nikafika saa nne asubuhi na haraka zangu, bajaji nimeiacha nje inasubiri. Shikamoo Bibi, marahaba mwanangu karibu, nikamwambia shida yangu. Akacheka. Akasema "Asumini ya saa hizi ni ya jana hiyo mwanangu, nikikuuzia leo kesho utanisema mji mzima. Rudi saa kumi." Nikadhani anajishaua, nikatoa hela nikaweka juu ya benchi, hela hazigusi, anaendelea kuchambua rehani zake kama sipo, na dereva huko nje anapiga honi. Nikaondoka na hasira zangu nikaenda kununua sehemu nyingine, siwataji, vikuba vya huko vilikuwa vimenyunyiziwa maji vikang'aa kweli kweli machoni, kufika saa mbili usiku ukumbini vimekuwa rangi ya majani ya chai na harufu imekata. Picha zote za sendofu wifi ana kitu cha kahawia kifuani utadhani kamwagikiwa mchuzi. Mpaka leo nikimwomba kitu ananikumbusha.

Kwa hiyo mara ya pili nikaenda saa kumi kama mtu mwenye adabu zake na ndo nikaelewa bibi alikuwa anasema nini. Asumini haichumwi ikiwa imefunguka. Inachumwa alasiri ikiwa bado tumba, imefumba, nyeupe pe, ngumu kidogo ukiibana na kidole, wajukuu wanaingia nayo kwenye ungo uliofunikwa jani la mgomba, na anaitunga ikiwa imefumba hivo hivo. Inafunguka yenyewe kuanzia magharibi, sasa wewe saa hizo umeshavaa, iko kifuani au kwenye nywele, inakufungukia ukiwa kwenye shughuli. Ile ya asubuhi imeshafunguka usiku mzima kwenye mti ikamaliza kazi yake, unanunua makapi tu. Na maji haitaki, ukiimwagia maji inapata madoa ya kahawia haraka sana, hapo nikawakumbuka wale wenzangu na dawa yao ya kunyunyizia.

Kikuba chake nilikaa nikamwangalia anakifanya mwanzo mwisho, maana wengi tunavaa tu hatujui kilivofungwa. Anaanza na vichwa vitatu vya mrehani, vile vyenye vijiua vidogo, anavikata kwa kucha sio kwa kisu. Anaweka kipande cha mkadi, lile ua refu la kunukia, kilichokatwa chembamba kama utepe, huo ndo wenye bei na sio kila siku anao. Petali mbili tatu za waridi, la kienyeji lile dogo lenye harufu, sio yale marefu ya dukani yanayokuja yamefungwa karatasi hayanukii kitu. Alafu asumini sasa, sindano nyembamba inapita kwenye kikonyo, moja baada ya nyingine, zote zinaangalia upande mmoja, mkufu ukifika kama shubiri anauzungushia pale chini mara mbili anakaza na uzi mweupe anaukata kwa meno. Dakika nne hivi. Meno yenyewe amebakiza machache lakini uzi unakatika. Nilimuuliza vilua, yale maua mengine ya kunukia, viko wapi akasema si msimu, na hakuniletea maneno ya kuniuzia kitu kingine badala yake, hilo nikalipenda.

Kikuba elfu mbili, chenye mkadi elfu tatu, koja inategemea urefu. Kuna watakaosema ghali, ila mi nilikivaa saa kumi na mbili jioni na saa sita usiku mume wangu alikuwa bado ananiuliza nimepaka marashi gani. Hayo mengine hayawahusu.

Haya twende kwenye vinywaji maana najua ndo wengi mnafuata. Rozela, wengine mnaita choya, pale ndo mfalme. Glasi buku, chupa ya nusu lita buku na jero. Mi rozela nilikuwa nimeshaichoka kwa sababu siku hizi kila kona ni rozela na nyingi ni sukari na rangi tu, na niliwahi kununua pakti ya rozela kavu duka moja, nafungua nyumbani ndani kuna ukungu mweupe kama pamba. Ya bibi kwanza anaiosha, mara mbili, maji ya kwanza yanatoka na mchanga na nimeuona kwa macho yangu chini ya bakuli. Alafu haichemshi! Anachemsha maji na tangawizi iliyopondwa, kijiti cha mdalasini, iliki tatu nne na fundo la mchaichai, anaepua, ndo anatumbukiza rozela anafunika mpaka ipoe. Anasema ukiitokosa sana inakuwa nzito na ukakasi unabaki kwenye ulimi. Nimejaribu zote mbili nyumbani na kweli tofauti ipo, ile ya kutokosa inakuwa nyeusi nyeusi kama dawa.

Na ndimu inawekwa mwisho mbele yako. Hii msiikose, mwambieni akuwekee mkiwa mnatazama. Glasi inakuja nyekundu ya kukolea ile ya damu ya mzee, anakamua ndimu nusu, pale pale inalipuka inakuwa nyekundu ya kung'aa kama taa. Watoto walinifanya ninunue hapo glasi tatu kwa ajili ya hilo tu. Sio uchawi, rangi ya rozela ndo ilivo, inapenda uchachu, ukiitia asidi inang'aa na ukiitia kitu cha magadi inakimbilia kwenye bluu na kijani. Kumbukeni hii habari, nitairudia kwenye begi.

Kitu kingine nilichompendea bibi, hauzi rozela kama dawa. Huku mitandaoni kila mtu ni daktari, mara inaongeza damu, mara inasafisha figo, mara sijui inafanya nini na mke wa mtu. Nyekundu sio damu jamani, ingekuwa hivo tungekunywa rangi ya kucha. Inasemekana inashusha presha na utafiti wa hilo upo kweli, inashusha kidogo, lakini ndo hapo hapo ukiwa unatumia vidonge vya presha umuulize daktari wako kabla hujaanza kuishindilia lita mbili kwa siku. Bibi ukimuuliza inatibu nini anakwambia "inatibu kiu."

Maji ya nanaa pia yapo, majani anayapiga kofi viganjani, paa, anatupia kwenye jagi la maji ya baridi na vipande vya ndimu, nanaa anasema inatoka Lushoto. Nzuri, baridi, hamna la kusimulia. Chai ya mchaichai ni ya kawaida tu, hata wewe unaiweza. Kuna na vipakti anauza vya "chai ya maua" ndani kuna langilangi kavu na waridi kavu, hiyo mi hapana. Langilangi ni ua la singo, ile ya kumsugulia bibi harusi mwili, na la kutandika kitandani, ukiitia kwenye chai unakuwa unakunywa chumba cha bibi harusi. Nilimwambia, akasema ni wazo la mjukuu wake wa chuo, akanipunguzia bei, bado hapana.

Ijumaa ndo kuna chakula, baada ya swala, na kinaisha haraka. Nilichoshangaa ni kamba wa nazi. Mchuzi wa kawaida kabisa wa nazi, tui la kwanza limeingia mwisho, sasa anapoepua tu anachana majani ya mrehani kwa mkono anatupia juu anafunika sufuria. Mi nikaguna. Mrehani kwetu ni wa kikuba, na wa kuweka kaburini, nani anaupika? Alafu nikaonja. We! Ule utamu wa kamba na ile harufu, kidogo kama karafuu kidogo kama ndimu, nikanyamaza nikala. Na ukifikiria ndo jani hilo hilo Wataliano wanatupia kwenye pizza tunawalipa elfu ishirini na tano, na sisi tumelipanda mlangoni tunalipita kila siku. Sema hii ya kwetu yenye majani membamba ina ukali zaidi kwa hiyo ukienda kujaribu nyumbani weka majani matano sita sio konzi, na usiache lichemke maana linageuka jeusi na chungu kidogo. Mi nilivoweka konzi mume alikula kimya kimya akaniuliza kama leo kuna msiba.

Kaimati sasa, hapo bibi anisamehe. Zenyewe laini, zimeumuka vizuri, nje zinalia kacha. Shira ndo tatizo, kaijaza marashi ya mawaridi mpaka unahisi unalamba sabuni ya kuogea. Marashi ya mawaridi ni matone, matone, na yanaingia shira ikishapoa. Na kama mnajaribu nyumbani nunueni yale yaliyoandikwa ya kula, yale mengine ya kunyunyizia wageni shughulini sio yote ni ya kumeza. Kwenye hilo hilo nisemee na hawa wapambaji keki wa siku hizi wanaochomeka ua lolote linalopendeza juu ya keki ya mtoto. Oleanda ni sumu, alamanda ile ya njano ya kwenye ua la nyumba nayo sio ya kula, na yale matarumbeta makubwa yanayoning'inia ni ndugu wa mnanaha, mnaujua mnanaha ulivo na sumu. Bibi ana sheria moja, ua asiloweza kulitafuna yeye halikai kwenye sahani yake. Ya urembo yana ndoo yake peke yake, na ukisogea nayo karibu na chakula unapigwa kibao cha mkono, nilipigwa.

Dirishani ana kikopo cha maziwa kimepandwa vijiua vya zambarau vina majani yenye manyoya kama sikio la sungura, nikadhani vya plastiki. Akaniambia hivo ni vya Usambara. Nilivofika nyumbani nikasoma, kumbe ndo yale maua ya kopo ambayo Ulaya na Marekani kila bibi kizee anayo dirishani, asili yake milima yetu hii, Mjerumani mmoja aliyekuwa afisa huku, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyatuma kwao mwaka 1892 wakayabatiza jina lake, Saintpaulia. Porini yenyewe yanazidi kupungua kwa sababu misitu inakatwa. Yaani mi nimezaliwa Tanga hii na nimeyaona mara ya kwanza kwenye kopo la maziwa Ngamiani, naona haya kidogo. Iliki, mdalasini na pilipili manga zake nazo zinatoka huko huko juu, Amani, Muheza, ambako Wajerumani waliweka kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902 wakapanda miti ya kila namna. Iliki yake ni ya kijani, punje ndani nyeusi zinanata, sio ile nyeupe unapasua unakuta vumbi. Iliki ya kujaza kikombe kidogo cha kahawa ni elfu tano, nimeshanunua mara mbili.

Hina pia anapaka ukimwekea ahadi. Majani anatwanga mwenyewe na ndimu, anakuacha nayo masaa, ikitoka ni ya machungwa unaweza kulia, kesho yake ndo inakoza inakuwa kahawia ya kuiva. Wenye haraka wanataka piko nyeusi ya nusu saa, hapaki. Ile nyeusi wanachanganya dawa ya kupaka nywele, na dawa ile ina kemikali inayobabua ngozi, binamu yangu ana alama ya ua mkononi mpaka leo na hina yenyewe ilishatoka miaka mitatu iliyopita. Ilikuwa saluni nyingine, sio hapa.

Haya begi. Mjukuu yule wa chuo anasuka vibegi vya mkonge anavitia rangi ya rozela, rangi ya waridi lililopauka hivi, nzuri mno, elfu kumi na mbili. Nikanunua. Nikaenda nalo ufukweni Raskazone mwisho wa wiki kila mtu ananiuliza umelipata wapi. Likachafuka kidogo na mafuta ya mihogo, nikalifua. Sabuni ya kipande, maji ya vuguvugu, kama mtu yeyote anavofua. Naangalia hivi beseni limekuwa kijivu, begi limekuwa bluu bluu mabaka mabaka kama mtu kapigwa ngumi. Nikapiga kelele mpaka jirani akaja. Alafu nikakumbuka ile ndimu kwenye glasi! Sabuni ndo magadi yenyewe. Nikakamulia ndimu nne, kweli, sehemu zikarudi pinki sehemu zikagoma, sasa nna begi la rangi mbili na linanuka achari.

Nilimrudishia malalamiko, bibi alicheka mpaka akashika benchi, akamwita binti "njoo umsikilize shangazi yako." Binti hakucheka, alisikiliza, akaniambia hakujua, akanirudishia elfu sita bila kubishana na sasa anawaambia wateja wasifue kwa sabuni wala wasilianike juani. Mi naona angeacha rozela kwenye glasi, mkonge auache na weupe wake tu maana mkonge wa Tanga hauna haja ya kusitiriwa. Ila vile vifuko vidogo vya mkonge vyenye rehani kavu na karafuu ndani, vya kuweka kabatini, vichukueni, elfu mbili mia tano, cha kwangu kina miezi miwili na mashuka bado yananukia.

Mengine ya haraka haraka. Kukaa hapatoshi, mabenchi mawili na wenyewe wana wageni wao, Ijumaa utasimama. Malipo pesa taslimu au simu, ila simu anayo binti na binti akiwa chuo basi usije na noti ya elfu kumi unataka glasi moja, chenji hamna. Inzi wapo kidogo kwenye meza ya kaimati, afunike. Oda ya shughuli toa siku tatu kabla, nusu unalipa mbele, na mvua ikinyesha alasiri asumini inakuwa chache kwa hiyo anakupigia mapema kukwambia, sio anakukimbia kama mafundi wetu wa nguo. Vikuba vyenu mkishavichukua visikae juani kwenye dashibodi, vifungeni kwenye jani la mgomba, friji sehemu ya chini ikibidi, sio kwenye barafu.

Nyota nampa nne kwa tano, hiyo moja ni ya kaimati na begi. Wifi ana shughuli nyingine mwezi ujao na safari hii vikuba nimeshaweka oda huko, kasema mwenyewe atakuja saa kumi kuhakikisha. Jumatatu hafungui, nilishakwenda nikagonga kama dakika kumi akatoka jirani na kanga ya kichwani akaniuliza kwani umefiwa.